Mkonge au Sale?

Nyumba za zamani za Kariakoo zilikuwa na uani, na uani palikuwa na mti. Siku hizi zinabomolewa, ghorofa zinapanda, na sisi wa juu hatuna pa kupanda kitu ila mkebeni. Nikaenda kwa muuza maua. Akaniwekea mikebe miwili. Mmoja ulikuwa na sale, majani marefu yameinama kama ya mhindi. Wa pili ulikuwa na mkonge pori, majani manene yamesimama kama mapanga. "Chagua tu, mzee," akasema, "hao ni ndugu."

Sijui kama alijua, lakini alisema kweli. Katika miaka ya 2010 wataalamu wa mimea, baada ya kuchunguza vinasaba, waliuingiza mkonge pori katika jenasi moja na sale, iitwayo drasena.

Ule wa mkebeni, wenye kingo za manjano, asili yake ni Afrika Magharibi. Lakini jamaa zake wamejaa vichakani pwani kwetu, na wazee wetu walipara majani yake wakasokota kamba. Fungua kamusi za zamani za Kiswahili: mkonge ni huo! Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mmea wenye asili ya Mexico. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kutokana na hiyo yakaja mashamba makubwa, na manamba waliotolewa mikoa ya mbali kuja kukata majani kwa mkataba. Mgeni akachukua jina la mkonge, mwenyeji akaitwa wa porini. Jambo hilo huniudhi kidogo, nakiri.

Sale halikunyang'anywa jina. Kilimanjaro limezunguka vihamba kuonyesha mipaka, na hupandwa makaburini. Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na si rahisi kwa aliyepelekewa kukataa kusamehe. Wazungu nao hulipanda sebuleni kwao, kwa pambo tu.

Basi nichague lipi? Kibaraza changu kinapigwa na jua la mchana, na sale huungua. Hutaka kivuli na maji ya mara kwa mara. Mkonge pori huweka maji majanini, ukisafiri wiki tatu utaukuta. Ukiumwagilia kila siku ndipo unaoza.

Nikachukua mkonge. Kisha nikamwomba anikatie jani moja la sale.

"La nini, mzee?"

Chini yetu kuna mwenye duka la vitenge, mtu wa Rombo. Tulirushiana maneno juu ya deni, na maneno mabaya yalikuwa yangu. Miezi minne tulikuwa tunapishana ngazini kimya. Nilimpa lile jani mbele ya wateja wake. Akalitazama, akanitazama, akaniambia niketi.