Historia ya Protini ya CRP na Utabiri wa Maradhi ya Ateri za Moyo, 1930–2020

1.0 Utangulizi

Maradhi ya ateri za moyo hutokea pale mishipa inayoulisha msuli wa moyo inapozibwa hatua kwa hatua na utando wa mafuta na seli unaojengeka katika kuta zake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, historia ya maradhi haya imesimuliwa kama historia ya lehemu, yaani kolesteroli. Insha hii inafuata mkondo wa pili, ule wa uvimbe. Neno hilo linatumika hapa kwa maana ya mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha au vijidudu, si kwa maana ya jipu wala saratani. Kiini cha mjadala ni protini moja ya damu ijulikanayo kimataifa kwa ufupisho wa CRP.

Hoja inayojengwa ni kwamba historia ya kipimo cha CRP ilitawaliwa na maswali mawili yaliyochanganywa: ni nani atakayeugua, na ni nini kinachomwuguza. Kipimo kililijibu swali la kwanza, lakini kwa miaka mingi jibu hilo lilichukuliwa kana kwamba limelijibu na la pili. Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa, kwani tiba inayoelekezwa kwenye dalili huiacha asili ya maradhi pale pale.

2.0 Mizizi ya Mjadala

Wazo kwamba ateri huugua kwa uvimbe halikuzaliwa na vipimo vya kisasa. Katika miaka ya 1850, mwanapatholojia wa Ujerumani Rudolf Virchow alieleza kuwa mabadiliko katika utando wa ndani wa ateri yalikuwa na sura ya uvimbe. Carl von Rokitansky wa Vienna alishikilia kuwa utando huo ulitokana na vitu vya damu vilivyotuama juu ya ukuta wa mshipa. Mwaka 1913, Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow wa St. Petersburg waliwalisha sungura lehemu na kuona ateri zao zikiharibika. Jaribio hilo liliipa lehemu nafasi ya mbele katika utafiti uliofuata.

Utafiti wa Framingham, Massachusetts, ulioanza mwaka 1948 kwa kuwafuatilia wanaume na wanawake 5,209, uliimarisha mwelekeo huo na kuongeza jambo jipya. Daktari sasa aliweza kumtazama mtu mzima wa afya na kukadiria uwezekano wake wa kuugua kwa kutumia shinikizo la damu, lehemu na uvutaji sigara. Hata hivyo, si kila aliyepata mshtuko wa moyo alikuwa na lehemu nyingi. Pengo hilo ndilo lililofungua mlango kwa viashiria vingine.

3.0 Protini Iliyogunduliwa kwa Wagonjwa wa Nimonia

CRP haikutafutwa na wataalamu wa moyo. Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waligundua kuwa seramu ya wagonjwa mahututi ilinasana na kabohaidreti ya bakteria wa nimonia waliyokuwa wameiita sehemu C. Mgonjwa alipopona, mnasano huo ulitoweka. Tabia hiyo ilikuwa kinyume na ile ya kingamwili, ambazo hujitokeza kadiri mgonjwa anavyoelekea kupona. Mwaka 1941, Oswald Avery na wenzake walibainisha kuwa kitu hicho kilikuwa protini, na mwaka 1947 Maclyn McCarty aliifanya kuwa fuwele. Katika muongo uliofuata, kipimo hicho kilitumika kufuatilia homa ya baridi yabisi.

Nguvu ya kipimo ndiyo iliyokuwa udhaifu wake. CRP hutengenezwa hasa katika ini na huweza kupanda mara mamia kwa sababu ya maambukizi, jeraha au upasuaji. Ilisema kuwa mwilini mna madhara, lakini haikusema yako wapi. Hata Frederick de Beer na wenzake wa London walipochapisha mwaka 1982 vipimo vya CRP kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, kupanda kwake kulieleweka kuwa ni matokeo ya msuli wa moyo kufa. Protini ilifika baada ya tukio.

4.0 Kutoka Matokeo hadi Utabiri

Mabadiliko ya fikra yalikuja mwaka 1994 kupitia kazi ya Giovanna Liuzzo, Attilio Maseri na wenzao. Walichunguza wagonjwa wa maumivu makali ya kifua yasiyotulia, ambao damu zao hazikuonesha dalili ya kufa kwa msuli wa moyo. Wengi wao walikuwa na CRP ya miligramu 3 au zaidi kwa lita, na hao ndio waliopata matukio mabaya zaidi wakiwa hospitalini. Kama msuli haukuwa umekufa, kupanda kwa CRP hakungeweza kuelezwa kuwa ni matokeo ya kifo hicho.

Mwaka 1997, Paul Ridker na wenzake wa Boston walisogeza hoja nyuma zaidi, hadi kwa watu wasiokuwa na maradhi. Walitumia damu iliyohifadhiwa katika utafiti wa aspirini miongoni mwa madaktari wanaume wa Marekani. Walilinganisha wanaume 543 waliokuja kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kuganda kwa damu katika vena na idadi sawa ya wasiopata. Waliokuwa katika robo ya juu ya CRP walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo karibu mara tatu ya wale wa robo ya chini. Mwaka 1999, Russell Ross alichapisha mapitio yaliyoitangaza ateri iliyougua kuwa na maradhi ya uvimbe. Mwaka 2003, mwongozo wa Marekani uliweka viwango: chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, na zaidi ya 3 ni kubwa.

5.0 Shahidi Alipodhaniwa Mtuhumiwa

Ukosoaji ulianza mara moja. Mwaka 2004, John Danesh na wenzake, wakitumia takwimu za Reykjavík, walionesha kuwa CRP ilitabiri maradhi kwa kiasi cha wastani tu, na kwamba iliongeza machache juu ya vigezo vya kawaida. Mwaka 2008 zilichapishwa kazi mbili zilizovuta pande tofauti. Ya kwanza, JUPITER, iliwahusisha watu 17,802 wenye lehemu isiyo nyingi lakini CRP ya miligramu 2 au zaidi. Waliopewa rosuvastatini walipungukiwa na matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 44. Hata hivyo, dawa hiyo iliishusha lehemu mbaya kwa takriban nusu, na hakukuwa na kundi la watu wenye CRP ya chini. Kwa hiyo jaribio halikuweza kuthibitisha kuwa nafuu ilitokana na kupungua kwa uvimbe.

Kazi ya pili ilitoka Copenhagen. Jeppe Zacho na wenzake waliwachunguza watu waliorithi jeni zinazopandisha CRP maisha yote. Kama CRP yenyewe ingekuwa chanzo, watu hao wangeugua zaidi kwa kiasi kinacholingana na urithi wao. Haikuwa hivyo. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. CRP ilikuwa moshi, na kuupunga moshi hakuzimi moto.

6.0 Kutafuta Moto Wenyewe

Utafiti ukaelekea juu ya mkondo, kwenye interlukini-1 beta, ambayo huchochea interlukini-6, ambayo nayo huliamuru ini kutoa CRP. Mwaka 2017, jaribio la CANTOS liliwahusisha wagonjwa 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wenye CRP ya miligramu 2 au zaidi. Kanakinumabu, dawa inayoizuia interlukini-1 beta, ilipunguza matukio kwa asilimia 15 katika kipimo cha miligramu 150 bila kuigusa lehemu mbaya. Kwa mara ya kwanza, nadharia ya uvimbe ilithibitishwa kwa jaribio kubwa la nasibu. Lakini maambukizi yaliyoua yaliongezeka, na idadi ya vifo kwa jumla haikutofautiana na ya wasiopewa dawa.

Methotreksati, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 4,786, haikupunguza interlukini hizo, CRP wala matukio ya moyo. Kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, ilipunguza matukio katika majaribio ya COLCOT ya mwaka 2019 na LoDoCo2 ya mwaka 2020. Kumbe si kila dawa ya uvimbe ni dawa ya ateri.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kuwa kiashiria kinaweza kutabiri kwa ukweli bila kuwa chanzo cha kile kinachotabiriwa. CRP ilikuwa shahidi mwaminifu. Kosa lilikuwa kumpeleka kizimbani badala ya kumsikiliza, na ushahidi wake ndio ulioelekeza watafiti kwenye interlukini.

Tanbihi hiyo ina uzito wa pekee kwa watafiti wa Afrika Mashariki. Viwango vya miligramu 1, 2 na 3 vilitokana hasa na watu wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Mwongozo wa 2003 wenyewe ulielekeza kuwa CRP inayozidi miligramu 10 irudiwe, na chanzo cha maambukizi kitafutwe kwanza. Pale ambapo malaria na kifua kikuu ni maradhi ya kawaida, protini iliyogunduliwa kwa wagonjwa wa nimonia hurejea kwenye kazi yake ya awali: kutangaza maambukizi. Kuisoma kama habari ya moyo pekee ni kurudia, mahali pengine, mkanganyiko uleule uliochukua miongo kadhaa kutatuliwa.