Meza ya Thogoto na Yule Aliyeikataa

Leo tukumbuke meza moja, na mtu mmoja aliyeikataa.

Mwezi wa Juni mwaka 1913, wajumbe wa misheni za Kiprotestanti walikutana Thogoto, Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti. Walikuwako Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Walitafuta njia ya kushirikiana, ili Mkristo aliyebatizwa na misheni moja asionekane mgeni akihamia penye misheni nyingine.

Mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana kwa utaratibu wa Kianglikana ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Mhubiri alikuwa Mpresbiteri, na wasio Waanglikana nao wakashiriki.

Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston alihuzunika. Yeye pia alikuwa Mwanglikana, lakini aliona imani ya kanisa lake imeuzwa kwa ajili ya amani. Akawashtaki Askofu Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba ni wazushi. Wengi wakamhesabu kuwa adui wa umoja.

Lakini ngojeni kidogo. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwasukuma machifu wapeleke watu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Viongozi wa misheni, miongoni mwao Askofu Willis na Dakta Arthur wa Thogoto, waliukosoa waraka ule, lakini wakakubali kazi ya lazima kwa masharti. Weston hakukubali hata kidogo. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kupinga Mwafrika kulazimishwa kazi. Ukaidi ule uliowaudhi watu mwaka 1913 ndio uliowatetea wanyonge mwaka 1920.

Je, basi wale wa Thogoto walikosea kuketi pamoja? La, hasha! Mwaka 1918 misheni zilifanya muungano, na mwaka 1926 ikafunguliwa Alliance High School pale pale Kikuyu, ambayo jina lake latokana na muungano huo. Watoto wa madhehebu na makabila mbalimbali walisoma darasa moja.

Ndugu msikilizaji, Mungu aliwatumia hawa na yule. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi, wala jicho haliwezi kuufukuza mkono. Pengine katika kamati ya kanisa lako yuko mzee anayesema “hapana” wakati wote mmesema “ndiyo”. Pengine ni kijana, au mama aliyeolewa kutoka kabila lingine, ambaye maoni yake hayaandikwi. Usiharakishe kumwita mpinga maendeleo. Msikilize mpaka amalize. Nawe uliye peke yako, sema lililo moyoni, lakini usimwite ndugu yako mzushi kabla hujaketi naye.

Jumapili ijayo, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, mtafute yule mliyepingana. Msalimie kwa jina lake.

Tuombe. Ee Bwana, tufanye kuwa mmoja, na utufundishe kuwasikiliza wale tusiopatana nao. Amina.