Mkaangaji wa Kona ya Vine na Mbuni wa Monduli

Kwetu Kilimanjaro tumekulia kwenye kahawa, lakini tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Ilikaa kihambani chini ya migomba, ikachumwa, ikamenywa kwa mashine ya mkono, ikaoshwa, ikaanikwa, kisha ikapelekwa chama cha msingi. Ikirudi nyumbani ilikuwa imeshageuka ada ya shule na mabati. Sikumbuki hata siku moja babu akikaa kunywa kikombe cha kahawa yake mwenyewe.

Kwa hiyo mara ya kwanza nilipoona watu wazima wakiishabikia kahawa kama wengine wanavyoshabikia Simba na Yanga, nilicheka. Ilikuwa chuoni, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Mwenzangu wa maabara alikuwa ameletewa kifuko cha gramu 250 kutoka kwa mkaangaji mmoja mdogo wa huko Ulaya. Kifuko kiliandikwa tarehe ya kukaangwa, jina la wilaya, Kirinyaga, na chini yake herufi mbili na namba: SL28. Akanusa, akafumba macho, kisha akaniuliza, "Babu yako analima aina gani?" Nikababaika. Mjukuu wa mkulima wa kahawa, nasomea sayansi ya chakula, na jibu sina.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia. Inakuwaje mtu asiyewahi kuona mbuni anajua mengi kuhusu mbegu kuliko mimi niliyeuchuma? Jibu linatupeleka Marekani ya miaka ya 1960, kwenye duka dogo, na kwa mzee mmoja mkali.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walikunywa kahawa kwa wingi kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu robo tatu ya watu wazima walikunywa kila siku. Ila kahawa yenyewe ilikuwa ya makopo. Kampuni kubwa zilishindana kwa bei, na ukishindana kwa bei peke yake lazima ukate mahali. Wakachanganya robusta ya bei nafuu. Wakakaanga haraka na kidogo, kwa sababu kahawa inavyokaangwa sana inapoteza uzito, na uzito ni pesa. Kisha wakaisaga, wakaiweka kwenye kopo, ikakaa rafuni wiki na miezi.

Hapo kuna sayansi inayofaa kusimuliwa taratibu. Buni mbichi ina maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12, na ukiinusa inanukia kama majani makavu. Ukiipasha moto, kwanza maji yanatoka. Ikikaribia nyuzijoto 150 na kuendelea, sukari na asidi za amino zinaanza kuungana katika kile tunachokiita mmenyuko wa Maillard, uleule unaoipa chapati rangi ya kahawia na nyama choma harufu yake. Karibu na nyuzijoto 200 mvuke na gesi vilivyobanwa ndani vinaipasua buni, nayo inalia kama bisi. Ukiendelea italia mara ya pili, kwa sauti nyembamba zaidi, na mafuta yataanza kujitokeza juu ya ganda. Kufikia hapo imepoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Sasa ina mamia ya vimeng'enywa vya harufu? Hapana, vimeng'enywa vilishakufa kwa joto. Ina mamia ya kemikali za harufu, na nyingi zinapeperuka au kuharibiwa na oksijeni. Kahawa nzima inabaki nzuri kwa wiki chache. Ukishaisaga, siku zake zinahesabika.

Wapwani hawahitaji kuelezwa hili. Muuza kahawa wa Lamu au Mji Mkongwe anaikaanga, anaitwanga, anaipika kwenye dele la shaba juu ya makaa, na jioni ileile watu wa baraza wanainywa chungu na kashata. Hakuna aliyemwambia habari za oksijeni. Anajua tu kwamba ya jana si ya leo.

Alfred Peet naye alijua, maana alizaliwa ndani ya kazi hiyo. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Alkmaar, Uholanzi, na baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa. Baada ya vita alifanya kazi ya chai na kahawa London, akaenda hadi Java na Sumatra, akapitia New Zealand, na mwaka 1955 akafika San Francisco. Akapata kazi kwenye kampuni iliyoagiza buni kwa ajili ya viwanda vikubwa. Alichokiona kilimshangaza: nchi tajiri kuliko zote duniani, na kahawa duni namna ile! Kazi ilipokwisha, tarehe 1 Aprili 1966 akafungua duka lake kwenye kona ya mitaa ya Vine na Walnut, mjini Berkeley.

Duka lilikuwa dogo, na mtambo wa kukaangia ulikuwa humohumo. Peet alinunua arabika ya nyanda za juu, buni ngumu inayostahimili moto, akaikaanga hadi ikawa nyeusi inayong'aa. Wengine walidhani ameiunguza. Wahamiaji kutoka Ulaya waliitambua mara moja, wakaja. Wakafuata wanafunzi na walimu wa chuo kikuu, wasanii, majirani. Harufu ilitoka mpaka barabarani, na foleni ikawa kijiwe. Mashabiki wake walipata hata jina, "Peetniks".

Na mzee hakuwa mtu wa kubembeleza wateja. Ukisema unaichemsha kahawa yako mara mbili, utasemwa. Ukitaka isagwe vibaya, utaulizwa unaipikia nini. Lakini watu walirudi. Nadhani sababu ni hii: kwa mara ya kwanza kulikuwa na muuzaji anayeichukulia kahawa kama kitu chenye elimu yake, na anayemchukulia mteja kama mtu anayeweza kujifunza. Ukali wake ulikuwa ukali wa mwalimu. Wanafunzi wake maarufu walikuwa vijana watatu wa Seattle, Jerry Baldwin, Zev Siegl na Gordon Bowker. Walipofungua duka lao mwaka 1971, mwanzoni walinunua buni iliyokaangwa na Peet mwenyewe. Duka hilo ni Starbucks.

Lakini kuna swali mkaangaji mdogo peke yake hakuweza kulijibu: buni nzuri inatoka wapi kwa mtu asiyeweza kununua kontena zima? Kontena moja la futi 20 linabeba karibu magunia 300. Duka la mtaani linahitaji matano, labda kumi.

Hapa anaingia Erna Knutsen. Alizaliwa Norway mwaka 1921, akakulia Marekani, na miaka ya 1970 alikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya kuagiza kahawa San Francisco. Wanaume wa ofisi hawakumtaka kwenye chumba cha kuonjea. Akajifunza kuonja hata hivyo, na akaona fursa ambayo wao waliidharau: mafungu madogo, magunia machache machache, ya kahawa nzuri kutoka mahali panapojulikana. Akaanza kuwauzia wakaangaji wadogo. Mwaka 1974, katika jarida la biashara ya chai na kahawa, akaziita "kahawa maalumu", yaani zile ambazo ladha yake inatokana na hali ya hewa na udongo wa mahali pake. Jina likashika. Baadaye akaimiliki kampuni, na wale mabwana wa chumba cha kuonjea wakaondoka. Alifariki mwaka 2018.

Ukifikiri vizuri, Knutsen alibadilisha kitu kikubwa kuliko biashara. Kabla yake, kahawa ya babu yangu ikivuka bahari ilikuwa daraja na uzito tu. Hata "AA" ambayo watu huidhani kuwa alama ya ubora ni ukubwa wa punje: punje zinazobaki juu ya chekecheke lenye matundu ya milimita 7 hivi. Mafungu madogo yaliruhusu jina la mahali lisafiri pamoja na gunia.

Aliyelichukua jina hilo mbali zaidi ni George Howell. Alihama California kwenda Boston mwaka 1974, akakosa kahawa ya kunywa, na mwaka 1975 akafungua Coffee Connection karibu na Chuo Kikuu cha Harvard. Yeye alikaanga kinyume na Peet: kidogo, mara tu baada ya mlio wa kwanza. Hoja yake ni ya kikemia kabisa. Ukikaanga sana, unavunja asidi zilizojengwa na mbuni wenyewe, na ladha ya moto inafunika ladha ya shamba. Kahawa mbili za nchi mbili zinaanza kufanana. Ukikaanga kidogo, Kenya inabaki Kenya. Ubishi wa Peet na Howell haujaisha hadi leo, na ukiwakusanya wapenzi wa kahawa mezani utausikia kabla ya kikombe cha pili.

Hizo kahawa za Kenya ndizo zilizowapagawisha mashabiki wengi wa wakaangaji wadogo. Wanasema zina utamu na uchachu kama wa zambarau au chungwa. Sehemu ni usindikaji wa kuosha, sehemu ni udongo mwekundu wa milima, na sehemu ni mbegu. Tumerudi kwenye SL28.

"SL" ni Scott Laboratories, maabara ya wakoloni iliyokuwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1931 afisa wake wa kahawa, A.D. Trench, alizuru Tanganyika. Huko Monduli akaona mibuni iliyoonekana kustahimili ukame, akachukua mbegu. Kabete wakazipanda, na mwaka 1935 wakachagua mti mmoja kati ya uzao ule. Mti huo ukawa namba 28.

Niliposoma hivyo nilisimama. Kile kifuko cha mwenzangu, kilichotoka Kenya na kukaangwa Ulaya, ukoo wake ulianzia upande huu wa mpaka, safari ya saa chache kutoka kihamba cha babu.

Ningependa niishie hapo, kwa furaha. Ila historia ina upande mwingine. Tangu 1962 mkataba wa kimataifa ulikuwa ukigawa kiasi ambacho kila nchi ingeuza, ili bei isianguke. Julai 1989 mgao ule ulivunjika, na ndani ya miezi michache bei ya dunia ikaporomoka karibu nusu. Ikapanda, ikashuka tena, na mwaka 2001 wastani ulikuwa chini ya senti 50 za dola kwa pauni. Miaka hiyohiyo ndiyo maduka ya kahawa maalumu yalikuwa yakichipuka kila kona ya Marekani. Mashabiki waliongezeka, na mkulima akazidi kuzama.

Nilimpigia baba mdogo kumuuliza ile aina. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile mibuni ya mzee? Tuliing'oa elfu mbili na mbili. Tukapanda nyanya." Aina yake hakuijua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kitu cha kujua.

Je, basi mapenzi ya wale watu wa foleni ya Vine yalikuwa ya bure? Sidhani. Mwaka 1999 Howell alishiriki kuanzisha mashindano ya Cup of Excellence nchini Brazili, ambapo kahawa inaonjwa bila waonjaji kujua ni ya nani, kisha fungu la mshindi linapigwa mnada kwa jina lake. Rwanda iliyapokea mwaka 2008, ya kwanza Afrika, na Burundi ikafuata mwaka 2012. Washindi wamelipwa bei ambayo babu asingeiamini. Lakini washindi ni wachache, na mashindano si sera. Wakulima wengi bado wanauza kwa bei inayopangwa mbali, na wengi bado hawajaonja walichokilima.

Ninachojifunza ni hiki. Mkaangaji mdogo alipendwa kwa sababu alifundisha: hii imetoka pale, imekaangwa leo, ipike hivi. Maarifa hayo yalisafiri kutoka kwenye gunia kwenda kwa mnywaji, na kila hatua yakaongeza bei. Njia ya kurudi, kutoka kwa mnywaji hadi kihambani, ndiyo haijatengenezwa vizuri. Anayejua kwamba punje zake ni za ukoo fulani na zina ladha fulani anaweza kubishana mezani. Asiyejua anapokea anachopewa.

Likizo iliyopita nilipanda nyumbani na nusu kilo ya buni mbichi niliyoinunua Moshi. Nikaikaanga kwenye kikaango cha bibi, nikikoroga mpaka mkono ukauma, mpaka nikasikia mlio wa kwanza. Nikaitwanga, nikaichuja kwa kitambaa. Babu sasa ana miaka themanini na kitu. Akanywa kidogo, akatulia, akaniangalia.

"Ndiyo hii tuliyokuwa tunawauzia?"

"Ndiyo hii, babu."

Akasogeza kikombe. "Ongeza."