Nywele za mbele: nani anaamua kama zinakufaa?

Mimi nanyoa kwa mashine kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo una haki ya kuniuliza nimeingiaje kwenye mjadala wa kina dada kukata nywele za mbele zikaangukia paji la uso. Sababu ni kwamba chumba cha habari ninachofanyia kazi kimejaa kina dada, na swali la "hivi mimi zitanifaa?" nalisikia mara nyingi kuliko habari za bajeti. Jibu huwa lilelile: inategemea sura. Uso mrefu sawa, uso wa duara hapana, paji pana ndiyo usisubiri. Basi nikajiuliza, kabla ya kanuni hii ya sura watu walikuwa wanaamuaje?

Tuanze nyumbani. Moran wa Kimaasai huziachia nywele zikarefuka, zikasokotwa nyembamba na kupakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Za nyuma hushuka mgongoni, za mbele huletwa kwenye paji la uso. Moran huyo hamuulizi mtu kama zinamfaa. Rika lake limeshaamua. Siku ya eunoto, anapovuka kuelekea utu uzima, mama yake anamnyoa zote. Kwa Wahimba wa Namibia nako, binti mdogo husukwa misuko miwili inayoelekea mbele usoni, na akibalehe misuko huongezeka. Ukimwona tu unajua yuko hatua gani ya maisha. Kwao "zinanifaa" maana yake ni "wakati wake umefika", na hakuna anayepima urefu wa uso wa mtu.

Misri ya kale mambo yalikuwa mengine. Watu wengi wa tabaka la juu walinyoa vichwa au kukata nywele fupi sana, halafu wakavaa mawigi yaliyotengenezwa kwa nywele za binadamu. Huko kilichoamua ni uwezo wa mtu. Na hapa niwaharibie kidogo sinema: Cleopatra tunayemfahamu, mwenye nywele za mbele zilizonyooka kama rula, kwa sehemu kubwa ni Elizabeth Taylor katika filamu ya mwaka 1963. Sarafu za Cleopatra mwenyewe zinamwonyesha nywele zikiwa zimevutwa nyuma na kufungwa kisogoni.

Sasa hii kanuni ya sura. Aliyeipa nguvu sana ni kinyozi wa London, Vidal Sassoon, kijana wa familia maskini ya Kiyahudi ambaye sehemu ya utoto wake aliishi kwenye kituo cha yatima. Enzi zile wanawake wengi wa Ulaya walikaa saluni saa nzima na vijiti vya kukunjia kichwani, halafu wakapuliziwa dawa ya kugandisha nywele. Sassoon akasema hapana, nywele zikatwe kwa kufuata mifupa ya uso, ili mtu akiosha na kutikisa kichwa zianguke zenyewe mahali pake. Mwaka 1963 alimkata hivyo mbunifu wa mavazi Mary Quant, na nywele za mbele zikasambaa. Kwa mwanamke wa London aliyekuwa anakwenda kazini ule ulikuwa ukombozi, maana aliacha kuwa mtumwa wa saluni.

Lakini angalia neno lililobeba kanuni yote: zianguke. Nywele za kipilipili hazianguki, zinasimama. Kanuni iliyomkomboa dada wa London ikifika Kinondoni inageuka. Ili nywele zianguke kwenye paji la uso, dada wa hapa inabidi aweke dawa, au azinyooshe kwa moto, au ashonewe za bandia, au avae wigi. Yaani kile kilichompunguzia mwenzake safari za saluni kwake kinaziongeza.

Na tukishataja wigi, tumefika Dar es Salaam ya mwaka 1968. Oktoba mwaka ule Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa marufuku kuvaa sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, pamoja na kujipaka krimu za kujichubua. Hoja ilikuwa kwamba hayo yote ni utumwa wa kikoloni. Hata kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume pale Kariakoo yaliwavamia kina dada barabarani na kwenye mabasi, mpaka polisi wakaingilia kati. Magazeti yakajaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza utamaduni huo unaolindwa kwa kumpiga mwanamke ni wa nani.

Kituko ni hiki. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 60 kulikuwa na operesheni nyingine dhidi ya Wamaasai, kuwataka waache mavazi yao ya asili na kujipaka udongo mwekundu, eti wanaturudisha nyuma. Kwa hiyo msichana wa Dar aliambiwa avue kwa sababu amekuwa Mzungu mno, na moran akaambiwa avue kwa sababu hajawa wa kisasa. Sikatai kwamba hoja ya ukoloni ilikuwa na uzito. Ilikuwa nao, na bado unao. Ninachoona ni kwamba katika amri zote mbili mwenye kichwa hakuulizwa.

Mnasema hayo ni ya zamani? Januari 2013, Michelle Obama alipotimiza miaka 49, alijitokeza na nywele za mbele, na dunia nzima ikazijadili kana kwamba ni mkataba wa nyuklia. Mumewe ilibidi awaambie wageni kwenye sherehe za kuapishwa kwake kwamba yeye anazipenda. Miaka karibu 10 baadaye, mwaka 2022, Michelle alieleza kwamba wakati wa Ikulu aliacha kusuka kwa sababu aliona Wamarekani hawakuwa tayari. Mwanamke mwenye elimu yote ile, na bado paji lake la uso lilikuwa na bodi ya wakurugenzi.

Kwa hiyo dada yangu ukiniuliza, sura naiweka mwisho. Kwanza angalia nywele zako zenyewe, hasa ule mstari wa mbele. Kama misuko ya kubana imeshaula, kushonea za bandia palepale kutauvuta zaidi, na ukiendelea kwa muda mrefu nywele zinaweza zisirudi. Wigi lisilobana ni afadhali. Pili, piga hesabu ya muda na pesa. Jasho la Februari ndani ya daladala halijui umetumia dakika 40 mbele ya kioo. Tatu, jiulize ni nani hasa unayetaka aridhike: wewe, bosi, mchumba, au wale wa 1968 ambao bado wapo, wamebadilisha sare tu. Ukishajibu hayo matatu, nenda kwa msusi mkazungumze habari za duara na yai.

Na kama una bibi au shangazi aliyekuwa msichana Dar miaka ile, hebu muulize: lile wigi lake alilificha wapi?