Wasichana na wavulana shuleni: tofauti inatoka wapi?

Katika jamaa zetu tunasikia mara nyingi kwamba msichana hana akili ya hesabu, na kwamba mvulana ndiye wa kusomeshwa. Wataalamu wa elimu ya jamii wamechunguza jambo hili, na mafundisho yao yanatuhusu.

Tuanze na Uingereza. Zamani wavulana ndio waliokuwa wengi katika vyuo vikuu. Lakini tangu mtihani wa sekondari uitwao GCSE ulipoanza mwaka 1988, wasichana wamewapita kwa matokeo ya jumla. Akili za watoto hazikugeuka kwa miaka michache. Maisha ndiyo yaliyogeuka. Sue Sharpe alizungumza na wasichana wa London mwanzoni mwa miaka ya 1970: waliweka mbele ndoa na watoto. Aliporudi katika miaka ya 1990, kazi na kujitegemea vilitangulia. Naye Paul Willis, katika kitabu cha 1977, alieleza wavulana wa familia za wafanyakazi waliodharau masomo, wakiona kazi ya mikono ndiyo ya mwanaume kamili.

Kwetu je? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Lakini sekondari inalipiwa, na feza zikikosekana, mara nyingi msichana ndiye anayebaki nyumbani. Anachota maji, anabeba mdogo wake, anapika. Kaka yake anashika daftari. Wengine wanaozwa mapema, ingawa Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza ndoa kabla ya miaka 18. Wanaoendelea na masomo, wengi wanaelekezwa kwenye ualimu ao ushonaji. Wavulana nao wanavutwa na machimbo ao makundi ya silaha.

Basi tofauti hii haikuzaliwa na mtoto. Sisi wakubwa tunaijenga, na tunaweza kuibomoa. Tangu mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa, sisi Waprotestanti tunasimamia shule nyingi. Hatuwezi kusema jambo hili si letu. Tugawe kazi za nyumbani kwa watoto wote, tusihesabu mahari kabla ya diploma, na kila mwanzo wa mwaka wa shule tuulize katika kila parokia: ni mtoto gani hakurudi darasani, na kwa nini?