Ndago au Muhogo: Miaka ya Kusaka Mzizi wa Saratani ya Unyayo

Katika misikiti ya Mji Mkongwe watu huosha miguu mara tano kwa siku wanapotia udhu, ila ni nadra mtu kuugeuza unyayo akautazama. Huko ndiko melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, hupenda kuota kwa watu weusi. Huanza kama doa jeusi lisilouma, mtu akadhani kachomwa na mwiba.

Dk. Martin Lewis alilifuatilia jambo hili Kampala miaka ya 1960. Mwaka 1967 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Uganda, akiyahusisha madoa ya asili ya nyayo na saratani hii. Miaka miwili baadaye, yeye na wenzake walieleza kwamba damu ya wagonjwa ambao maradhi hayajawasambaa ilikuwa na kingamwili za kupambana na uvimbe wao wenyewe. Maradhi yakienea, kingamwili hizo hazionekani tena. Kazi hiyo ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, nayo inastahili kutajwa zaidi ya inavyotajwa.

Lakini kwa nini melanoma hurudi hata baada ya kukatwa? Mkulima wa Unguja angeifikiria ndago: unapalilia majani, vidundu vilivyo chini vinachipua tena. Mwaka 1994 John Dick na wenzake, Toronto, walionyesha kwamba katika saratani ya damu ni seli chache tu, seli shina, zinazoweza kuuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Januari 2008, kundi la Markus Frank la Boston likasema melanoma nayo ni hivyo: seli kama moja tu katika milioni, zenye alama iitwayo ABCB5. Walipozilenga kwa kingamwili, uvimbe wa panya ulikua polepole.

Desemba ya mwaka uleule, Sean Morrison wa Michigan akaja na jibu jingine. Alitumia panya waliopungukiwa kinga zaidi, akasubiri muda mrefu zaidi, na takriban seli moja kati ya nne ikaotesha uvimbe. Basi hiyo si ndago tena. Ni muhogo: pingili yoyote unayoichomeka ardhini inaweza kuchipua.

Kwangu mimi huu ndio ubishi wenye manufaa kuliko yote katika historia hii, maana dawa ya kuua mzizi haina kazi ikiwa kipande chochote kinaweza kuwa mzizi. Mwaka 2010 kundi la Meenhard Herlyn, Philadelphia, lilikuta seli zinazogawanyika polepole, zenye alama ya JARID1B, ambazo uvimbe hauendelei bila hizo. Ila alama yenyewe huja na kutoweka. Seli isiyo nayo leo inaweza kuipata kesho. Kwa hiyo tiba inabidi ipige seli zote, za haraka na za polepole.

Wagonjwa wengi wa saratani wa Unguja wamekuwa wakipanda boti kwenda Dar es Salaam, Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Kwa melanoma, tiba ya kwanza bado ni kisu, na doa la unyayoni likiwa bado changa, daktari hulikata likaisha.