Roboti huyu au roboti hii?
Doraemon, paka wa buluu aliyebuniwa na Fujiko F. Fujio na kuanza kuchapishwa huko Japani mwishoni mwa 1969, ni mashine ya karne ya 22. Hata hivyo anaogopa panya na anapenda mno dorayaki, vikeki vyenye maharagwe matamu. Mimi naandika "roboti huyu". Kifaru na kiboko nao huanza na ki-, lakini uhai huwapa a-. Mpinzani atasema: kuanzia Idjwi hadi Bukavu, mashariki mwa Kongo, hata mbuzi husemwa "inakula", sembuse mashine! Tena kuna methali ya zimwi likujualo, linalopewa li- ingawa ni kiumbe. Kweli, ila li- humweka zimwi mbali nasi. Doraemon hulala kabatini chumbani mwa mvulana Nobita, hugombana naye, humhurumia. Roboti ya kiwandani inayochomelea magari ibaki "hii".